Jumapili Tuliyompeleka Chui Kupigwa Picha ya Ubongo

Kazi yangu ilikuwa kushika vichwa. Vichwa vya mbwa na vya paka, na mara mojamoja kichwa cha mbuzi ambaye mwenyewe alikosea mlango. Nyie mliobaki pale kliniki mnalijua hilo, lakini huku mtaani tangu nistaafu nikiulizwa, "Athumani, hivi ulikuwa kazi gani vile?" nikijibu hivo watu wanaangaliana. Mjukuu wangu keshatangaza madrasa nzima kwamba babu yake alikuwa mchinjaji.

Mmeniomba niandike namna tulivyoanza kutafuta magonjwa ya ubongo kwa picha, maana nyie mmekuta mashine zimeshapangwa ukutani kama vyombo vya bi harusi. Haya, naandika. Ila shule niliishia kidato cha pili. Mwalimu wa hesabu aliniambia, "Athumani, darasa hili halitutoshi mimi na wewe." Yeye alikuwa na mshahara, nikaondoka mie. Kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda shingo kama paka mwenye ugonjwa wa sikio, muipe vidonge muendelee.

Siku ya kwanza nilikwenda pale kufyeka majani. Sikujua hata kama ni hospitali ya wanyama, nilidhani ni nyumba ya Mzungu anayependa mbwa. Nimefyeka nusu ya uwanja, mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka mtu mrefu mwembamba, miwani imeteremka puani. Huyo ndiye Daktari Shembilu, Msambaa wa Amani, Mlutheri wa kuimba kwaya. Akaniangalia.

"Wewe bwana, una mikono miwili?"

"Ninayo, daktari."

"Njoo nayo."

Ndani kulikuwa na dude la mbwa mezani, la meneja wa shamba la mkonge, limevunjika mguu. Daktari akanivalisha aproni ya risasi, ile nguo nzito ya kukinga mionzi ya eksirei, inayoshuka mpaka magotini. Nikajiona sultani. Nikapiga hatua moja, nikakaa chini. Mbwa akaacha kulia akaniangalia, nafikiri alinionea huruma.

"Inuka umshike kichwa," daktari akasema. "Si shingo. Shingo ukiishika atadhani unamtakia mabaya. Kichwa ukikishika vizuri atadhani unamsaidia kukibeba."

Hilo ndilo somo nililopewa, na miaka yote sijapewa lingine lililolipita. Viganja viwili chini ya taya, vidole gumba nyuma ya masikio, halafu unangoja. Kuna wakati mnyama anaamua. Pumzi inashuka, shingo inalegea, kichwa kinakuwa kizito ghafla kama nazi iliyotiwa mkononi. Hapo ndipo anakupa. Vijana, nyie mna dawa nzuri za usingizi siku hizi na mifuko ya mchanga ya kumzuia mgonjwa, na ndivyo inavyotakiwa, mionzi si mchezo. Mie picha nyingi za mwanzo zina kidole changu pembeni, madaktari wageni walikuwa wakiuliza huu mfupa wa tano ni wa nini. Lakini ule uzito wa kichwa kinachokubali, mie naukosa. Asubuhi naamka mikono inautafuta.

Sasa tatizo likawa nyumbani. Mama yangu Mdigo wa Moa, mbwa akipita uani anafagia nyayo zake. Na sheria yetu mnaijua: ukiguswa na mbwa penye majimaji, mate au manyoya mabichi, unaosha mara saba, moja yake kwa udongo. Mkavu kwa mkavu, hakuna neno. Lakini ni mbwa gani wa hospitali aliye mkavu? Siku ya pili nikamweleza daktari kwamba kazi naipenda lakini nikifika nyumbani nalala nje. Jumatatu yake nikakuta kwenye sinki kopo la maziwa ya unga limejaa udongo mwekundu, umechekechwa ukawa laini kama poda.

"Nimetoka nao Amani," akasema. "Wa hapa chini una chumvi, utakubabua."

Mlutheri huyo. Miaka yote kopo lile halikuisha, na mie sikuwahi kulijaza. Mke wangu naye, Mwanaisha, mpaka nastaafu alikuwa akinipokea mlangoni na neno lilelile: "Umeshika nani leo?" Wanaume wenzangu wakiulizwa hivo na wake zao ni ugomvi. Mie najibu, "Nimeshika Bosi, Popi na paka wa Bi Salma," anasema haya pita.

Basi tuje kwenye ubongo.

Eksirei haioni ubongo. Hilo mlijue toka mwanzo, maana wateja mpaka leo wanaleta mbwa mwenye kifafa wanasema mpigeni picha. Eksirei inaona sanduku, haioni nguo zilizomo. Tukiletewa mbwa anayezunguka upande mmoja kama ng'ombe wa kinu cha kukamua mafuta, au paka anayegongana na ukuta, tulipiga picha ya fuvu, tukaining'iniza kwenye chumba cha giza ikidondosha dawa, tukaitazama. Fuvu zima. Zuri. Halafu? Daktari anakuna kidevu, anajaribu dawa hii, anajaribu ile, na mnyama asipopona mwenyewe anasema basi, mpumzisheni. Mie nashika kichwa, daktari anachoma sindano. Baada ya hapo alikuwa akinawa mikono muda mrefu, maji yanatiririka tu. Siku moja akaniambia bila kugeuka:

"Athumani, nachoma kwa kubahatisha."

"Daktari, si ugonjwa ulikuwa umemshinda?"

"Ugonjwa gani? Nitajie jina lake."

Sikuwa nalo. Na yeye hakuwa nalo. Hilo ndilo lililomkera mtu yule kuliko kitu chochote, kuliko hata mie kuimba kazini.

Altrasaundi ilipokuja tukasogea kidogo. Mawimbi yake hayapiti kwenye mfupa, lakini mnyama mchanga ana utosi kama mtoto wa binadamu. Bi Salma, yule bibi wa Kiarabu wa Chumbageni mwenye paka wengi kuliko wapangaji, alileta kitoto cha paka kichwa kikubwa kama chungwa la Muheza, kinatembea kinyumenyume. Amekipaka mafuta ya nyonyo utosini.

"Utosi haujafunga," akasema. "Nimempaka kama tulivyopakwa sie wote."

Daktari akapapasa pale juu, akatabasamu, akasema, "Bibi, umenifungulia dirisha." Akaweka kile kipapasio cha mashine palepale kwenye utosi, mafuta ya nyonyo na yote, na kwenye kioo tukaona mabwawa mawili meusi katikati ya ubongo, yamejaa maji mpaka ubongo umebaki ganda. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona ndani ya kichwa cha kiumbe anayehema. Nilikuwa nimeshika kile kijichwa kwa vidole vitatu tu. Kile kitoto hakikuishi sana, lakini siku ile daktari hakunawa muda mrefu. Ugonjwa ulikuwa na jina.

Lakini mnyama akishakua utosi unafunga, na dirisha ndiyo limefungwa. Hapo ndipo tulipokwama, mpaka alipokuja Chui.

Chui alikuwa mbwa, msije mkashtuka. Mbwa wa kawaida wa mtaani, wa kahawia mwenye mistari, wa Mzee Matiasi wa Nguvumali. Mzee Matiasi ni Mnyamwezi, Mkatoliki, baba yake alikuja kukata mkonge akasahau kurudi Tabora. Kwa hiyo ni mtani wangu; kila alipokuja tulianza kwa matusi ndipo tukafika kwenye shikamoo, na shikamoo nilikuwa naitoa mie kwa shingo upande kwa kuwa kanizidi umri. Maisha yake yote alilinda ghala la mkonge, na miaka ya mwisho alilinda na Chui. Mke kafariki, watoto wako Dar. Kwenye nyumba ile walikuwa wawili, yeye na mbwa.

Chui alianza kuanguka. Anakakamaa, povu, miguu inapiga, halafu anaamka hamjui mtu. Katikati ya hapo anazunguka kushoto, kushoto, kushoto, mpaka kachimba duara kwenye uwanja. Na mtaani, vijana, mbwa mwenye povu ana jina moja tu. Wakaanza kumpiga mawe. Bi Mwanahawa, jirani anayekaanga samaki pale mbele, ana wajukuu wanaocheza nje, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akampa Mzee Matiasi mpaka Jumatatu: alete uthibitisho kwamba mbwa hana kichaa, la sivyo wanakuja watu wa kuua mbwa.

Mzee akaja kwetu na Chui kwenye toroli.

"Mtani wangu," akaniambia, na siku hiyo hakutukana, "wanataka kuniulia."

Daktari akamchunguza. Kachanjwa kila mwaka, na sie ndio tuliomchanja. Na ugonjwa ulishakula miezi. Kichaa hakingoji miezi, kingekuwa kimemmaliza zamani. Hata hivyo tulivaa glavu nene, na sie wote tumechomwa chanjo, kwa sababu kwenye jambo hili ujuaji unaua. Daktari akampigia mwenyekiti simu akamweleza. Nikasikia sauti ya mwenyekiti ikitoka kwenye simu:

"Daktari, mie nakuamini. Lakini watu wanasema daktari wa mbwa atasema nini tena? Wanataka kuona."

Daktari akakata simu, akakaa. Akamtazama Chui, naye Chui anatazama ukuta.

"Wanataka kuona," akasema. "Hata mimi nataka."

Mjini kulikuwa na hospitali moja ya binadamu yenye siti-skani, ile mashine ya mviringo kama andazi lenye tundu, inayokata picha za kichwa vipande vipande kama mkate. Mkubwa wa pale daktari alimfahamu kwenye kwaya. Akakubali kwa masharti: iwe Jumapili, pasiwe na mgonjwa anayengoja, meza ifunikwe nailoni yote, na tusafishe tukimaliza. Likabaki jambo moja, mpiga picha mwenyewe. Huyo alikuwa Twaha, kijana wa Ngamiani, swala tano, mdomo haufungi. Nikatumwa mie.

"Yakhe Athumani, mbwa? Kwenye meza yangu?"

"Meza itafunikwa."

"Na mate je? Sie watu wa mara saba na udongo. Nimwage udongo kwenye siti-skani? Ile mashine ikiumwa inaletewa fundi kwa ndege!"

"Tutamleta mkavu. Mkavu kwa mkavu, Twaha, unajua mwenyewe. Kinywa tutakifunga kitambaa, atakuwa na mpira kooni, hata tone halitoki. Wewe hutamgusa. Nitamgusa mie, nishazoea."

Akafikiri. "Mkavu kabisa?"

"Kama kaukau."

"Akija mbichi, namrudisha mlangoni. Wallahi."

Nikapita Nguvumali kumpa Mzee Matiasi habari, nikiwa na haraka, Mwanaisha ananingoja na ndoo ya kuoga. Nikamwambia mtani, Twaha kakubali, ila si unajua sie Waislamu na mbwa, mara saba na moja ya udongo, basi Jumapili asubuhi umlete, asile kitu. Nikaenda zangu.

Jumapili akaja. Kasali misa ya kwanza, kavaa koti, anasukuma toroli. Na ndani ya toroli Chui anatiririka maji kama kapu la pweza.

Twaha kasimama mlangoni. Akanitazama mie, akamtazama mbwa. "Athumani," akasema polepole, "kaukau ndiyo hii?"

"Mzee!" nikamwambia. "Umemfanya nini?"

"Nimemuogesha," Mzee Matiasi akasema, kwa fahari kabisa. "Nisije nikawakosea."

Hatukuwa na muda wa kuuliza zaidi. Tukamtandaza juani uwanja wa nyuma, tukamfuta na kanga mbili nilizoazima kwa muuza chai, ambaye hakuambiwa za nini. Daktari anatembea huku na huku anatazama jua. Twaha kaegemea nguzo anatoa ushauri. "Sikio la kulia bado. Mkia pia. Mkia huo mie siuamini." Mpaka alipoona hata mgongo umekauka, ndipo akasema haya, ingizeni.

Daktari akamchoma dawa ya usingizi kwenye mshipa, ile nyeupe kama tui la nazi. Chupa ilikuwa moja tu, ndiyo aliyoipata. Mpira ukaingia kooni, kinywa kikafungwa. Nikamlaza juu ya nailoni, nikakinyoosha kichwa kwenye kile kidaka cha kichwa. Kikawa kizito mikononi mwangu. Na hapo daktari akasema, "Haya, mwache. Toka."

Vijana, sikuelewa. Sikuwahi kuacha kichwa wakati wa picha. Lakini siti-skani inatema mionzi, hakaliwi mle. Nikavuta mkono mmoja, nikavuta wa pili, nikatoka nikasimama nyuma ya kioo pamoja na wao, mikono imening'inia haina kazi. Meza ikamwingiza kwenye tundu peke yake. Mzee Matiasi alikuwa kando yangu. Akaniuliza, "Hawezi kuogopa?" Nikamwambia kalala. Akasema, "Nakuuliza wewe uliyemshika." Nikaitia mikono mfukoni.

Picha zikaanza kushuka kwenye kompyuta. Daktari akasogea, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nikaona mabega yake yanashuka.

Kulikuwa na vidoa. Vyeupe, vinang'aa, vingi, kama mtu kamwaga ufuta. Kila kipande cha picha kina vidoa.

"Yametapakaa," akasema. Kwa sauti ndogo, lakini chumba kile kidogo.

"Nini kimetapakaa?" Mzee Matiasi akauliza. Yeye alikuwa anasoma uso wa daktari, kompyuta hakuitazama kabisa. Akashika ukingo wa meza.

Twaha ndiye aliyenyamaza kwa mara ya kwanza siku ile. Akavuta picha ikawa kubwa, akavuta tena. "Daktari," akasema, "hebu tazama. Mfupa unaishia hapa. Hivi vidoa vyako viko nje ya mfupa."

Daktari akainama. Akatazama kama anasoma maandishi madogo ya chupa. Halafu akatoka mbio, akaingia kule, akapitisha vidole kwenye manyoya ya kichwa cha Chui, akarudi na ncha za vidole nyeusi.

"Mzee Matiasi. Ulimuogesha na nini?"

"Mara saba, daktari. Sita maji, moja udongo. Kama mtani alivyosema."

Daktari akavitazama tena vidole vyake.

"Udongo wa wapi?"

"Pale kwa fundi welda. Ule ni laini, mweusi. Nikausugua kichwani vizuri, maana niliambiwa picha ni ya kichwa."

Twaha alikaa chini. Hakuanguka, alikaa, akashika tumbo, machozi yanamtoka. "Mzee wangu! Anayeoshwa ni aliyeguswa! Mbwa hata umuogeshe mara sabini atabaki mbwa! Na unga wa chuma! Unamletea mtu wa siti-skani mbwa kapakwa unga wa chuma!"

"Sasa mie Mkristo ningejuaje? Nyie ndio wenye sheria," Mzee Matiasi akasema, kisha akanigeukia. "Na huyu mtani kazi yake kusema nusunusu halafu anakimbilia ndoo."

Hata daktari alicheka. Lakini kicheko kilikufa mapema, kwa sababu alikuwa ameshika bomba la sindano juu kwenye mwanga. Tui limebaki kidogo. Lingetosha mzunguko mmoja, na hapo ni kama tungekuwa wepesi. Akizinduka ndani ya tundu ni balaa, na chupa nyingine haipo, na kesho ni Jumatatu.

"Tunarudia," akasema. "Athumani, toa hicho chuma kichwani."

Brashi ilikuwa inausukuma tu ule unga ndani zaidi. Nikalowanisha kitambaa, Twaha akapiga kelele, "Si maji, yakhe, si maji!" Akakimbia akarudi na bandeji ya gundi, akachana kipande, akakibandika kwenye utosi wa Chui akakibandua. Kikatoka cheusi. Akachana kingine. Basi tukawa tunabandika na kubandua, mie upande wa kulia yeye wa kushoto, na mpaka tunafika kwenye masikio ndipo alipotambua anafanya nini. Akasimama na bandeji hewani.

"Ni mkavu, si mkavu?"

"Mkavu."

"Basi kazi iendelee."

Nikakishika kile kichwa mara ya mwisho kukinyoosha, nikakiacha, nikatoka. Safari hii picha zikashuka safi. Fuvu, macho, ubongo wa kijivu umelala katikati kama yai kwenye ganda. Daktari akaingiza dawa ya kung'arisha kwenye mshipa, zikashuka tena. Na hapo tukaliona, sote, hata Mzee Matiasi, halikuhitaji mtu wa kusoma. Mbele, upande wa kushoto, nyuma kidogo ya jicho: donge jeupe lenye mipaka, kama korosho iliyosahauliwa ndani.

Daktari akaisogelea kompyuta. Halafu akasema, kama anayemsalimu mtu aliyemngoja stendi miaka, "Ndiyo wewe."

Akazipiga zile picha kwa simu, akamtumia rafiki yake aliyesoma naye Morogoro, ambaye siku hizo alikuwa anafanya kazi za picha Nairobi. Jibu likaja Chui akiwa anaanza kupepesa macho. Ni uvimbe unaota kwenye utando wa ubongo. Unakua polepole. Operesheni yake ipo kwa wenye nchi zao. Kwetu ni vidonge vya kuushusha uvimbe na vya kuzuia kifafa, na ataishi vizuri kwa muda, halafu basi.

Daktari akamwambia Mzee Matiasi yote hayo, amechuchumaa mbele yake ili macho yalingane.

"Kwa hiyo atakufa."

"Atakufa, mzee. Si kwa kichaa. Na si kesho."

Mzee Matiasi akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Akauliza, "Kwa muda gani alikuwa nalo, hilo?"

"Pengine mwaka. Pengine zaidi."

"Na alikuwa anakuja lindo," akasema. Basi. Akaomba apewe ile picha.

Jumatatu nilikwenda naye, sikutumwa. Watu walikuwa wamekaa mbele ya banda la Bi Mwanahawa, mwenyekiti katikati. Mzee Matiasi hakuhutubia. Alitoa lile jani kubwa la picha, lenye vipande vingi vya kichwa vimepangwa mstari kwa mstari, akaliinua kwenye jua.

"Korosho hiyo," akasema. "Iko ndani ya kichwa chake."

Wakasogea. Watoto wakapita chini ya mikono ya wakubwa. Bi Mwanahawa akaja na kijiko cha kukaangia mkononi, akatazama, akatazama, akashusha kijiko.

"Donge," akasema. "Marehemu kaka yangu alikuwa nalo kama hilo. Alikuwa anaanguka hivohivo, wakasema majini." Akamgeukia mwenyekiti. "Huyu si mwenda wazimu. Huyu mgonjwa. Atakayempiga jiwe mbwa huyu atanieleza mie."

Mwenyekiti akasema hajasema kitu. Kweli, hakupata nafasi.

Chui aliishi mpaka masika ikaisha na nyingine ikakaribia. Vidonge vilimfungua; aliacha kuzunguka, akarudi kulala mlangoni kwa mzee, na watoto waliokuwa wakimrushia mawe wakawa wanakuja kuomba, "Babu, tuonyeshe korosho ya Chui." Mwisho alianza tena kuanguka, na tulijiandaa kwenda na sindano, lakini hakutungoja. Alikufa mchana, mvua inanyesha, kichwa kiko kwenye kiatu cha Mzee Matiasi. Hatukuitwa kukishika.

Daktari Shembilu alistaafu baada ya hapo, karudi Amani. Kule simu inashika ukisimama sehemu moja tu karibu na kanisa, kwa hiyo tunaongea Jumapili, na anachouliza ni kilekile, mmeona nini wiki hii? Nami nambunia, maana siko huko tena kuona. Nyie mna daktari mpya, hodari, mna mashine za kidijitali, na wenzetu wa mbali wana emaarai inayoona hata uzi ndani ya ubongo. Muombe ije. Mie nikipita nje ya ukuta wenu nasikia mbwa wanalia kwenye chumba cha picha, nasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu. Mlinzi wenu anadhani namdai.

Siku hizi nina siku nyingi, nyingine nampelekea Mzee Matiasi. Kazeeka, hatoki. Juzi nilimkuta anakunywa chai, na ile picha kaibandika kwenye kioo cha dirisha, mwanga wa asubuhi unapita katikati. Hakuwahi kumpiga Chui picha nyingine yoyote maishani. Nani anapiga picha mbwa wa lindo? Ndiyo hiyo tu.

"Kaa," akaniambia. "Na usianze matusi, nina mgeni." Akanyoosha kidole kwenye kipande kimoja katikati ya jani. Pale chini ya ubongo kuna miduara miwili myeusi, iko sawasawa, kulia na kushoto. "Ona macho yake. Kila asubuhi jua likifika hapa ananiangalia."

Yale si macho. Ni matundu ya ndani ya masikio, yamejaa hewa, ndiyo maana ni meusi. Macho yako kipande cha juu kabisa, na nimewaonyesha wateja hivo mara zisizohesabika, tena nikiwa na kelele. Nikafungua mdomo. Mzee alikuwa amesahau chai.

"Ndiyo," nikasema. "Anakuangalia."

Nikasogeza kiti kidogo pembeni, nisimzibie mwanga.